Mbaazi za Mama wa Likoni Zinagoma Kuiva Donholm: Kosa Liko Wapi?

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni mzaliwa wa Likoni, nimeolewa na sasa naishi Donholm, Nairobi. Mama amenitumia mapishi yake ya mbaazi za nazi na mahamri kwa sauti kwenye kundi la familia la WhatsApp, nami nimeyafuata neno kwa neno. Nimeongeza nyanya tu, kwa sababu mume wangu kwao ni Murang'a na hali mchuzi usio na nyanya. Mama anasema mbaazi ni za saa moja. Mimi nafika saa mbili na bado zina kokoto. Tui linakatika. Mahamri yananiungua nje na ndani ni mabichi, au yanalala bapa, na kwa baridi hii ya Julai unga wenyewe hauumuki. Jirani ameniambia nitie magadi, wifi anasema ninunue presha kuka, binamu yangu anasema mkono wangu ndio mbaya. Mama anakuja mwezi ujao na anataka nimpikie. Nifanyeje? Na je, tui la pakiti linafaa?

Jibu: Marahaba mwanangu. Nianze na binamu yako, maana neno lake ndilo lililokuuma: mkono wako hauna kosa. Mapishi ya mama yako nayo hayana kosa. Tatizo ni kwamba yeye anapika kando ya bahari na wewe unapika mlimani, na saa alizokutajia ni saa za Likoni.

Pale kwenu, maji huchemka yakifika nyuzi joto 100. Nairobi iko juu, katikati ya jiji ni karibu mita 1,795 kutoka usawa wa bahari, na nyinyi wa Donholm mko chini kidogo ya hapo. Hewa ya huku ni nyepesi na haiyakandamizi maji sana, kwa hiyo yanaanza kuchemka mapema, kwenye nyuzi 94 au 95 hivi. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Unaona mapovu yanaruka, unadhani joto ni lile la Likoni, kumbe silo. Ukiongeza moto hupati kitu: maji yanayochemka hayapandi joto tena, yanageuka mvuke haraka zaidi, basi. Gesi ya meko inaisha na mbaazi ziko pale pale.

Nyuzi tano au sita zinaonekana si kitu, lakini punje kavu inazisikia sana. Ndani ya mbaazi, maharagwe au njahi kuna gundi ya asili inayoshikanisha nyama ya punje, na inahitaji joto ili ilegee. Joto likipungua kidogo, kulegea kunachelewa sana. Kwa sufuria ya kawaida, mbaazi mpya zilizolowekwa usiku kucha, ambazo Likoni zingeiva kwa saa moja, hapa zihesabie saa moja na nusu. Shoga yako akiwa anaishi Limuru, juu ya mita 2,000, naye aongeze yake.

Lakini wewe umefika saa mbili, kwa hiyo mlima peke yake hautoshi kuwa sababu. Umeniambia umeyafuata neno kwa neno, kisha ukataja nyanya. Zile nyanya si jambo dogo. Kitu chochote kichachu, iwe nyanya, ndimu au ukwaju, kinaikaza ile gundi niliyoisema, na punje ambayo bado ni ngumu ikikutana na uchachu inaweza kukaa motoni nusu siku bila kulainika. Kama ni lazima nyanya ziwepo, na naelewa, ndoa ni ndoa, zikaange pembeni na kitunguu na uzitie mbaazi zikiwa zimekwisha iva kabisa. Mimi kwa ladha yangu sitii nyanya kwenye mbaazi za nazi. Zinalifunika tui, na mtu akitaka mchuzi wa nyanya kuna maharagwe.

Jambo la tatu ni umri wa mbaazi zenyewe, na hapa watu wa Nairobi mna bahati ambayo hamjui mnayo. Mbaazi nyingi za nchi hii zinatoka Ukambani: Makueni, Machakos na Kitui. Ziko karibu na wewe kuliko zilivyo karibu na mama yako. Mavuno makubwa huja kati ya Julai na Septemba, yaani sasa hivi, lakini muuzaji aliyebaki na gunia la mwaka jana naye anataka kulimaliza. Mbaazi iliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu huwa ngumu kwa namna isiyotibika. Hata uiloweke siku mbili, nyingine zitavimba na nyingine zitabaki zimenywea vile vile. Muulize muuzaji zimeingia lini, kisha zitazame: mpya zina rangi ya maziwa au hudhurungi nyepesi iliyo sawa, kuukuu zimefifia na kuingia giza. Nenda kwa muuzaji ambaye magunia yake hayakai. Nyamakima, katikati ya jiji, ni sehemu nzuri kwa sababu nafaka inaingia na kutoka kila siku; duka la mtaani lenye kilo tatu ndani ya ndoo huwezi kujua. Na usichanganye za zamani na mpya hata siku moja. Mpya zitapondeka kuwa uji wakati za zamani bado zinagongana kwenye mwiko, na hizo ndizo kokoto unazozilalamikia.

Maji nayo yatazame. Kama birika lako linashika magamba meupe ndani, maji yako yana chokaa, na chokaa inakaza punje kama uchachu unavyofanya. Hapo loweka mbaazi kwa maji yenye chumvi, kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja na nusu au mbili, kisha uyamwage na kuzisuuza. Najua ulifundishwa kwamba chumvi inazifanya zikatae kuiva. Kwenye kuloweka ni kinyume chake, inalainisha ganda.

Sasa tuje kwa jirani na magadi yake. Nusu ya ushauri wake ni kweli. Magadi yanayotoka ziwa Magadi kule Kajiado yanalainisha nafaka ngumu, na wapishi wa bara wamekuwa wakiyatia kwenye muthokoi (mahindi yaliyokobolewa) na mboga za kienyeji tangu zamani. Ila yanaharibu vitamini B1, na yakizidi yanaacha ladha ya sabuni. Kwenye chakula cha nazi ladha hiyo hujitokeza haraka, na si ajabu, sabuni yenyewe hutengenezwa kwa kitu cha jamii ya magadi na mafuta kama ya nazi. Ukikwama na mbaazi kuukuu na wageni wako mlangoni, tia robo kijiko cha chai kwa nusu kilo kwenye maji ya kuloweka, kisha mwaga maji hayo yote na suuza vizuri. Kwenye sufuria yenye tui usiyaweke.

Wifi yako ndiye aliyesema la maana zaidi. Presha kuka ndiyo dawa ya mlima. Inafungia mvuke ndani, na maji yanapanda kupita nyuzi 110 hata hapa Nairobi. Mbaazi zilizolowekwa zinataka dakika 20 hadi 25 kuanzia mvuke unapoanza kutoka kwa nguvu. Usijaze chombo kupita nusu, kwa sababu mbaazi hutoa povu linaloweza kuziba tundu la mvuke. Kijiko cha mafuta ndani ya maji kinalituliza. Zima moto, acha presha ishuke yenyewe, halafu ndipo ufungue. Mama akikuuliza mbona unapika kwa mashine, mwonjeshe kwanza.

(Kwa wasomaji wengine watakaotumia maharagwe mekundu badala ya mbaazi: hayo yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko wa kweli. Loweka, mwaga maji, yachemshe kwa nguvu nusu saa kabla ya kuyahamishia kwenye jiko la kikapu, lile linalohifadhi joto bila moto. Kikapu ni kizuri kwa kuokoa gesi lakini peke yake hakitoshi.)

Mbaazi zikiiva, na kuiva maana yake ni punje kusagika kati ya ulimi na kaakaa bila kutumia meno, ndipo unapoanza mambo ya nazi. Kwa nusu kilo ya mbaazi kavu, nazi mbili. Chagua nazi nzito, itikise usikie maji ndani, utazame yale macho matatu yasiwe na ukungu wala unyevu. Nazi za Nairobi zimesafiri kutoka Kilifi na Kwale, nyingine zimekaa sana njiani, na nazi iliyovunda inanuka mafuta ya zamani mara tu unapoipasua. Hiyo itupe, usijaribu kuiokoa kwa bizari.

Kama huna mbuzi ya kukunia nazi, katakata nyama ya nazi vipande vidogo uisage kwa blenda na maji ya vuguvugu, kikombe kimoja kwa nazi zote mbili. Kamua, chuja: hilo ndilo tui zito, liweke kando. Rudia makapi kwa vikombe viwili vya maji, upate tui jepesi. Mimina tui jepesi kwenye mbaazi zilizochujwa maji, tia kitunguu kimoja kikubwa kilichokatwa vipande vyembamba, pilipili mbichi mbili zilizopasuliwa, nusu kijiko cha chai cha bizari ya manjano na chumvi. Chemsha polepole mpaka mchuzi upungue na kitunguu kilainike. Tui zito linaingia mwisho, moto ukiwa mdogo, na mwiko usisimame mpaka lianze kutokota. Likishatokota kidogo, dakika tano zinatosha. Usifunike.

Tui hukatika kwa sababu mbili: moto mkali bila kukoroga, na uchachu. Wewe nyanya ulikuwa nazo, na huenda moto nao uliuongeza ukidhani mbaazi zitaiva haraka. Ila kuna kitu cha tatu ambacho mama yako hawezi kukijua, kwa sababu kwake hakitokei. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Jiko la Likoni mchana halishuki hapo. Jiko lako Julai liko chini ya hapo kutwa nzima. Kwa hiyo tui uliloliacha juu ya meza likafanya utando mgumu na madonge meupe halijakatika, limeona baridi. Liweke kwenye sufuria, lipashe kwa moto mdogo ukikoroga, litarudi laini. Tui lililokatika kweli halirudi, unaona maji chini na vipande vinavyoelea, ingawa hata hilo linalika, limepoteza sura tu.

Hiyo baridi inatupeleka moja kwa moja kwenye mahamri. Ukikanda unga kwa tui la baridi, mafuta yanagandia ndani ya donge, hamira inalala, na unakaa saa nne ukitazama bakuli. Pasha tui mpaka ukichovya kidole usisikie joto wala baridi. Lisiwe moto wa kuunguza, hamira itakufa.

Vipimo ninavyotumia mimi: unga wa ngano mweupe nusu kilo, sukari gramu 100, hamira ya chenga kijiko kimoja na nusu cha chai, iliki iliyotwangwa sasa hivi kijiko kimoja cha chai, chumvi kidogo, mafuta kijiko kimoja cha chakula, na tui la vuguvugu kama mililita 280. Usimimine tui lote kwa pamoja. Unga unaokaa kwenye hewa kavu hunywa zaidi, kwa hiyo huenda ukahitaji kuongeza kidogo, na miezi ya mvua ukahitaji kupunguza. Kanda dakika 10 hadi 15 mpaka donge liwe laini na lisishike vidole. Watu wengi wanakomea dakika tano, halafu wanailaumu hamira.

Kwenye kuumuka, Nairobi ina mambo mawili yanayovutana. Baridi inachelewesha hamira, lakini hewa nyepesi inaiachia gesi ipanuke kwa urahisi, kwa hiyo donge likishapata joto linavimba upesi kuliko kwenu na kupita kiasi kabla hujajua. Julai na Agosti weka bakuli ndani ya oveni iliyozimwa pamoja na sufuria ya maji moto, au lifunge kwa blanketi. Januari hadi Machi usilitoe machoni. Alama ni hii: donge limekuwa maradufu, na ukilibonyeza kwa kidole shimo linarudi taratibu. Likirudi upesi bado. Likinywea na kutoa harufu ya pombe limepita, na hayo ndiyo mahamri yako bapa yanayokunywa mafuta. Likipita usilitupe, likande tena kidogo, ligawe, uendelee.

Gawa madonge manne, sukuma kila moja unene wa nusu sentimita hivi, kata pembe nne, funika kwa kitambaa yapumzike kama dakika 15. Sehemu zilizosukumwa nyembamba mno hazifuri, zinakauka kama biskuti.

Mafuta sasa. Lile tatizo la kuungua nje na kubaki mabichi ndani, hilo nalo ni mlima. Unyevu ulio ndani ya unga unachemka kwenye joto la chini, kwa hiyo ndani kunaiva polepole, lakini mafuta yenyewe hayachemki kama maji na hayajali mlima. Ukiyapasha kama anavyopasha mama yako, nje kunakimbia na ndani kunabaki nyuma. Yapunguze: kama Likoni ni nyuzi 180, hapa weka 170. Huna kipimajoto, tia kipande cha unga ukubwa wa harage. Kikipanda juu mara moja na kugeuka kahawia papo hapo, mafuta ni makali. Kikikaa chini, bado. Unataka kishuke, kisite, kipande, na kichukue kama dakika moja kupata rangi ya dhahabu. Andazi likiingia karaini, lirushie mafuta ya moto juu kwa upawa mpaka lifure, ndipo uligeuze. Usijaze karai, kila andazi linashusha joto. Na kama mama anatia sukari nyingi kuliko gramu 100 zangu, fahamu kwamba sukari nayo inaharakisha rangi.

Kuhusu mapishi ya sauti kwenye kundi la familia: mtu anayejua kupika hawezi kukuambia anavyopika akiwa amekaa kitini. Anaruka yale ambayo mikono yake inafanya bila kumuuliza. Mwombe mdogo wako aliye nyumbani asimame naye jikoni na simu siku anayopika kweli. Kile kikombe chake ajaze maji na kuyamimina kwenye chupa ya soda ya mililita 300, mtajua kikombe ni kikubwa kiasi gani, maana vikombe vya watu havifanani. Chumvi anayotia kwa kiganja aimwage kwanza kwenye kijiko. Na usimuulize dakika ngapi. Muulize anajuaje kama zimeiva, anajuaje kama unga uko tayari, mafuta yanatoa sauti gani. Majibu ya maswali hayo yanapanda mlima bila kubadilika, dakika ndizo zinazobadilika.

Siku ya mama kuja, usipike vyote asubuhi ile ile. Mbaazi zichemshe jana yake mpaka ziive, zihifadhi kwenye friji bila tui. Tui uliingize asubuhi hiyo. Donge la mahamri unaweza kulikanda usiku kwa nusu ya hamira niliyotaja na kuliacha mezani, kwa baridi ya Agosti litakungoja mpaka alfajiri. Mwambie asibebe mbaazi kwenye treni, alete nazi.

Tui la pakiti linafaa, mradi usome maandishi: lenye nazi na maji tu ni bora kuliko lenye viungio vingi vya kulishikilia lisijitenge. Ni zito kuliko unalokamua, kwa hiyo pakiti ya mililita 200 iongezee kikombe kimoja cha maji moto kwa tui jepesi, na tumia nyingine bila kuongeza kitu kwa tui zito. Kwa mahamri lipunguze kwa maji nusu kwa nusu, la sivyo unga utakuwa mzito. Lakini mama akileta nazi kumi, kamua zote siku ile ile na uligandishe tui kwenye vikopo vidogo vya kupimia mlo mmoja. Likiyeyuka litaonekana limejitenga, usiogope, ni ile ile habari ya baridi: lipashe kwa moto mdogo ukikoroga kabla halijaingia sufuriani au kwenye unga.